INI LENYE MAFUTA LAUA KWA NJIA YA MOYO

Wanachama wenzetu, ndugu na dada wa reli na wa kazi nyingine zote,

Katika karatasi hii tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba na likizo. Leo twaandika habari za ini na moyo, na mtu asiseme kwamba hayo ni maneno ya madaktari tu, wala si ya chama. Mshahara ukiongezwa na mwenye kuupokea akazikwa, ni nani aliyeshinda?

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi wengi wetu wakipigwa picha ya tumbo kwa sababu ya maumivu mengine, huambiwa, "Ini lako lina mafuta kidogo, hakuna neno." Hupewa vidonge vya tumbo na kurudishwa kazini. Hakuna anayepima presha. Hakuna anayeuliza habari za sukari. Hakuna anayechukua damu ili ajue mafuta yaliyomo. Sisi twasema kwamba neno lipo, tena ni neno kubwa. Ugonjwa unaowaua zaidi watu wenye ini la mafuta si ugonjwa wa ini. Ni ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu.

Tulikuwa na mwenzetu wa zamu ya usiku, mtu wa miaka 46, mpole na hodari wa kazi. Kliniki moja ilimwambia maneno hayo hayo, "hakuna neno". Haukupita mwaka, akaanguka njiani alipokuwa akitoka zamu, wala hakufika hospitali. Wengine walisema ni kazi ya Mungu, wengine walisema amerogwa. Sisi hatubishani na Mungu. Twauliza tu: mtu alikuwa na karatasi yenye alama ya hatari, mbona hakuna aliyemsomea?

INI LAFANYA KAZI GANI

Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Damu inayotoka matumboni ikiwa imebeba chakula hupita kwanza katika ini, ndipo iende mahali pengine. Sisi watu wa reli twaweza kulielewa upesi: ni yadi ya mizigo. Mabehewa huingia, mizigo hupangwa, mingine huwekwa ghalani, mingine hupelekwa mbele mahali inapohitajiwa.

Sasa mizigo ikiingia kila siku kuliko ile inayotumika, ghala hujaa. Ini huchukua sukari iliyozidi na kuigeuza kuwa mafuta. Watu wengi hudhani ni mafuta ya nyama peke yake yanayoleta shida hii. Sivyo. Sukari ya chai, soda, mkate mweupe, mandazi na chapati zikizidi kazi ya mwili, nazo huwa mafuta ndani ya ini. Nusu ya sukari ya dukani ni aina iitwayo fruktosi, na sehemu kubwa ya fruktosi hiyo huishia katika ini. Tena kitambi chenyewe humwaga mafuta katika damu, nayo huelekea huko huko. Zikipatikana chembe zaidi ya 5 katika kila 100 za ini zimejaa mafuta, madaktari huita hali hiyo ini lenye mafuta. Ugonjwa huu hauambukizi. Mara nyingi hauumi. Mtu aweza kuwa nao miaka kumi na asijue.

Yadi ikijaa, reli yote huharibika, si yadi peke yake. Kwanza, ini hutoa mafuta mengi katika damu, yale yaitwayo traigliseridi. Kolesteroli njema hupungua, na ile mbaya huwa ya vipande vidogo vidogo vinavyopenya katika kuta za mishipa. Pili, ini huwa kaidi. Insulini huliambia, "Acha kutoa sukari, damu inayo ya kutosha," nalo halisikii, huendelea kumwaga. Kongosho huchoka kwa kutengeneza insulini zaidi na zaidi, na mwisho wake ni ugonjwa wa sukari. Tatu, ini lililojaa hutoa vitu vinavyoleta mwasho katika mishipa na kuifanya damu kuganda upesi. Presha nayo huelekea kupanda. Hivyo mishipa inayolisha moyo huziba pole pole, kama bomba linaloota kutu, hata siku moja donge la damu hufunga njia. Hapo ndipo mtu hushika kifua na kuanguka. Na mshipa wa kichwani ukifungwa, huwa ni kiharusi.

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 2021 madaktari waliunganisha hesabu za uchunguzi 36 uliofanywa katika nchi mbali mbali, wenye watu zaidi ya milioni 5. Waliona kwamba wenye ini la mafuta walipatwa na shida kubwa za moyo na mishipa kuliko wengine, hatari ikizidi kwa kiasi cha 45 katika kila 100. Wale ambao ini lao lilikuwa limeanza kuwa na makovu mengi, hatari yao ilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili.

MANENO YA UONGO TUNAYOAMBIWA

Uongo wa kwanza: "Ini likiharibika, mtu huyo ni mlevi." Kwa sababu ya neno hili watu wengi huficha karatasi zao kwa aibu, hata wake zao hawawaonyeshi. Kweli, pombe hujaza ini mafuta, na mwenye ini la mafuta akinywa anaongeza moto juu ya moto. Hatumtetei mtu kwa chupa yake. Lakini wako watu wa kanisa na wa msikiti ambao hawajaonja pombe tangu kuzaliwa, na ini lao limejaa. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini vya nchi nyingi vilibadili jina la ugonjwa huu, visiuite tena kwa kutaja pombe. Viliuita kwa kutaja jinsi mwili unavyoshindwa kutumia chakula. Kwa jina hilo jipya, mtu anahesabiwa kuwa nao akiwa na mafuta katika ini pamoja na alama hata moja kati ya hizi: uzito uliozidi au kiuno kipana, sukari iliyopanda, presha iliyopanda, au mafuta ya damu yasiyo sawa. Tazameni, ndugu. Alama hizo ni zile zile za ugonjwa wa moyo. Jina lenyewe sasa lakiri kwamba ini na moyo ni njia moja.

Uongo wa pili: "Huo ni ugonjwa wa matajiri." Kwetu mtu akiota kitambi husifiwa. Watu husema kazi imemkubali, mkewe anampikia vizuri. Lakini nani anayekunywa chai ya vijiko vinne mara tano kwa siku ili asisinzie usiku? Nani anayekula chipsi na soda karibu na stesheni kwa sababu ndicho chakula cha haraka na cha bei yake? Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 za sukari na zaidi, yaani vijiko saba au vinane vya chai. Tajiri ana daktari wake na shamba lake la mboga. Sisi tuna kibanda. Ugonjwa huu sasa umeshika karibu watu wazima watatu katika kila kumi duniani. Matajiri hao wote wametoka wapi? Tena wako watu wembamba walio nao, kwa hiyo mtu asijitazame katika kioo akasema amepona.

Uongo wa tatu ndio unaotuudhi zaidi: "Ni kosa la mfanya kazi mwenyewe. Ni mvivu na mlafi. Mwajiri ahusikaje?"

Tujibu kwa habari za kazi za watu kama sisi. Mwaka 1953, huko London, daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza uchunguzi juu ya watu wa mabasi. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la orofa mbili. Waajiriwa wa kampuni moja, mji mmoja. Lakini madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo kuliko makondakta. Mwaka 1956 walitazama hata vipimo vya sare, wakaona viuno vya suruali za madereva ni vipana zaidi, hata kwa vijana. Mtu aweza kubisha kwamba labda wanene ndio waliochagua kuwa madereva. Haya, na tuje kwenye reli. Mwaka 1962 Henry Taylor na wenzake walitoa hesabu za vifo vya watu wa reli wa Marekani. Walilinganisha makarani wa ofisi, watu wa kupanga mabehewa, na watu wa genge la kutengeneza njia. Makarani ndio waliokufa zaidi kwa moyo, karibu mara mbili ya watu wa genge. Watu wa kupanga mabehewa walikuwa katikati.

Sasa itazameni kazi yetu. Wazee wetu walibeba mataruma na kuponda kokoto, na wengine walikuwa katika injini za mvuke, mahali pa jasho. Chakula kizito na kazi nzito vililingana. Leo dereva wa dizeli hukaa kitini. Mwenye kuongoza treni hukaa mbele ya kompyuta. Karani na askari wa lango hukaa. Hatusemi kazi ya zamani ilikuwa nzuri. Iliwavunja watu migongo. Twasema kwamba aliyeibadili kazi ni mwajiri, naye aliondoa mwendo wa mwili wala hakuweka kitu mahali pake. Kiti hatukukinunua sisi.

Na usiku je? Mwaka 2012 madaktari waliunganisha uchunguzi 34 wa watu zaidi ya milioni 2, wakaona kwamba wafanya kazi wa zamu walipatwa na shtuko la moyo kuliko wengine, hatari ikizidi kwa 23 katika kila 100. Mtu alalaye mchana katika chumba cha kelele, akala saa nane ya usiku wakati mwili unataka kulala, huharibu mpango wa sukari na mafuta mwilini. Ratiba ya zamu nani huiandika? Si mfanya kazi. Basi mwenye kuandika ratiba asije kaburini na shada la maua akasema marehemu alikuwa mlafi.

Uongo wa nne husemwa na wenye elimu: "Haijathibitishwa kwamba ini ndilo linalouharibu moyo. Labda unene na sukari ndivyo vinavyoharibu vyote viwili." Ni kweli kwamba wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani ya madhara hutoka katika ini lenyewe. Lakini katika uchunguzi ule wa 2021 walijaribu kuondoa katika hesabu mambo ya umri, unene na ugonjwa wa sukari, na hatari bado ilibaki. Tena, kwa mtu wa reli ubishi huo ni wa bure. Dereva akiona taa nyekundu, hakai kuuliza kama taa hiyo ndiyo iliyovunja daraja. Anasimamisha treni. Ini lenye mafuta ni taa nyekundu ya moyo. Mwenye kuiona na kusema "hakuna neno" anapitisha treni katika hatari, na kwetu mtu wa namna hiyo huitwa mbele ya kamati ya ajali.

YATUPASAYO SISI WENYEWE

Chama hakiwezi kutembea kwa niaba ya mtu. Kila mwanachama na achukue utepe wa fundi cherehani ajipime kiuno. Mwanamume akizidi sentimita 94, na mwanamke akizidi 80, aende kupimwa. Presha ya 130 kwa 85 na kuendelea, au sukari ya 5.6 na kuendelea kabla ya kula, ni alama. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya walikuwa hawajapimwa presha hata mara moja, na karibu 9 katika kila 10 hawajapimwa sukari. Tusijivunie kuwa miongoni mwao.

Habari njema ni kwamba ghala hili laweza kupunguzwa. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo nne na nusu, mafuta ya ini hupungua. Akipunguza kilo sita hadi tisa, mwasho nao hupoa kwa wengi. Akizidi hapo, hata makovu yaweza kulegea. Kutembea kwa nguvu nusu saa, siku tano kwa wiki, hupunguza mafuta ya ini hata kama mzani haujashuka. Chai na iwe ya sukari kidogo, kisha isiwe na sukari. Soda na iachwe. Maharagwe, ndengu, sukuma wiki, omena na samaki ni chakula chetu, tena si cha ghali kuliko chipsi. Ugali usifutwe, ila usiwe mlima na mboga zikawa kichuguu. Mwenye ini la mafuta yafaa aiache pombe, na sigara pia kwa ajili ya moyo.

Dada zetu wasidhani haya ni ya wanaume. Mwanamke akikoma hedhi, ini na moyo wake huingia katika hatari hiyo hiyo.

Maneno mawili ya kuonya. La kwanza: wako watu wanaouza chupa za "kusafisha ini" katika stendi na ndani ya magari. Hakuna chupa ya namna hiyo iliyothibitishwa kuondoa mafuta ya ini, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini zaidi. Fedha hiyo inunue mboga. La pili: daktari akikupa dawa ya kolesteroli iitwayo statini, usiiache kwa kusikia kwamba inaharibu ini. Kwa wenye ini la mafuta dawa hiyo hutumika kwa usalama, nayo huukinga moyo. Kama una mashaka, muulize daktari mwenyewe, usimwulize jirani.

TUNAYODAI

Tangu Oktoba 2024 tumekuwa tukikatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Hatuombi sadaka. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe dawa zinazofaa kwa wafanya kazi wake wanapougua, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka huo huo yataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, nasi tuwe na wajumbe ndani yake. Kamati hiyo isiwe ya kuhesabu kofia ngumu na viatu tu. Wajumbe wetu wapeleke mambo haya:

1. Kila mfanya kazi apimwe mara moja kwa mwaka kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu, kwa saa za kazi na kwa gharama ya mwajiri. Kupima macho na masikio peke yake hakutoshi.

2. Yeyote atakayeonekana ana ini lenye mafuta apimwe moyo na mishipa pia, na ifanywe ile hesabu ya FIB-4, inayotumia umri na vipimo vya damu ili kujua kama ini laelekea kuwa na makovu. Neno "hakuna neno" lisitumike tena.

3. Majibu yawe siri ya mfanya kazi na daktari wake. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yalinda habari za afya. Mtu asifukuzwe wala asinyimwe cheo kwa sababu ya ini lake. Hatutaki kupimwa kugeuke kuwa mtego.

4. Ratiba za zamu zijadiliwe na chama. Mtu asirushwe kutoka usiku kwenda asubuhi bila mapumziko ya kutosha, na wa usiku wapate mahali pa kula na pa kupumzika.

5. Kantini iwe na maharagwe, mboga na maji safi ya bure, na chai ipikwe bila sukari, kila mtu ajitilie.

6. Wenye kazi ya kukaa wapewe muda wa kusimama na kutembea ndani ya saa za kazi.

Hakuna hata dai moja hapa linalohitaji mashine ya mamilioni. Huko Marekani zimeruhusiwa dawa mbili mpya kwa wenye ini lenye makovu, moja Machi 2024 na nyingine Agosti 2025, na bei zake si za mishahara yetu. Sisi twaanza na utepe, mashine ya presha na tone la damu. Mwajiri akisema hana fedha za utepe, na tumwulize alipata wapi za jeneza.

Ndugu zetu, dalili ya mvua ni mawingu. Injini haitoki karakana bila kukaguliwa breki, na ikileta alama ya hitilafu huzuiliwa isiende njiani. Mtu anayeiendesha ana haki isiyopungua ile ya injini. Katika mkutano ujao wa tawi kila mmoja na aje na jibu la presha yake, na wajumbe waje na jibu la mwajiri. Atakayekuja mikono mitupu ataulizwa.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

Ni sisi wenzenu katika kazi,
Wafanya kazi wa reli, zamu ya usiku.